Waarya wa kale: walikotoka, walikopita na walikokaa (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Mjadala wa Waarya huchanganya mambo matatu: lugha, damu na dini. Mmoja akizungumzia lugha, mwenzake humjibu kwa damu, wa tatu anaingiza dini, na baada ya muda mfupi hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Hapa nimejaribu kuyatenganisha. Miaka mingi iliyotajwa ni ya makadirio, na KK maana yake ni Kabla ya Kristo.

Waarya ni nani hasa?

Ni watu waliojiita hivyo wenyewe. Katika Rigveda, mkusanyiko wa tenzi za kidini ambao ndio kazi ya kale zaidi ya lugha ya Kisanskriti, watunzi wanajiita *arya*. Katika Avesta, maandiko matakatifu ya wafuasi wa Zarathustra huko Uajemi, neno ni *airya*. Mfalme Dario wa Kwanza, yule anayetajwa katika kitabu cha Ezra, aliagiza ichongwe kwenye mwamba wa kaburi lake pale Naqsh-e Rustam kwamba yeye ni Mwajemi, mwana wa Mwajemi, Mwarya wa uzao wa Waarya. Jina la nchi ya Iran limetokana na neno hilohilo.

Walikuwa wafugaji wa ng'ombe na farasi, waliosema lugha za karibu sana na kushiriki miungu, kafara za motoni na kinywaji kitakatifu kilichoitwa *soma* upande mmoja na *haoma* upande wa pili. Aliyejua kuisema lugha, kuwasifu miungu na kutoa kafara ipasavyo alihesabiwa mwenzao. Katika Rigveda kuna mtunzi anayemsifu kwa ukarimu chifu mmoja aitwaye Balbutha, ambaye anatajwa waziwazi kuwa ni wa Dasa, yaani kundi lililohesabiwa kuwa si la Waarya. Mpaka kati ya "sisi" na "wao" ulikuwa na milango.

Kwa hiyo si mbari ya watu weupe wenye nywele za dhahabu?

Hapana. Hilo lilibuniwa Ulaya katika karne ya 19. Mfaransa Arthur de Gobineau aliandika miaka ya 1850 kwamba binadamu wamegawanyika katika mbari za juu na za chini, na akawaweka Waarya kileleni. Friedrich Max Müller, msomi Mjerumani wa Oxford aliyeichapisha Rigveda nzima kati ya 1849 na 1874, ndiye aliyechangia sana kulieneza jina hili katika taaluma ya lugha. Mwaka 1888 aliandika kwamba mtu anayezungumzia mbari ya Kiarya, damu ya Kiarya, macho na nywele za Kiarya, anakosea sawa na mwanaisimu anayezungumzia kamusi yenye fuvu refu.

Hakusikilizwa. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafukuza kazini watumishi wa umma "wasio Waarya", na njia hiyo ikaishia kwenye mauaji ya Wayahudi milioni 6. Waroma wa Ulaya, ambao lugha yao kweli ni ya tawi la Kiarya kutoka Uhindi, waliuawa kwa malaki na watu haohao waliojiita Waarya. Kila nikilifikiria hilo naona kwamba katika somo hili kutumia neno vibaya si kosa dogo.

Je, fikra hizo ziligusa Afrika Mashariki?

Ziligusa, kupitia ndugu yake: ile nadharia ya "Wahamu". Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alichapisha dai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa wageni waliotoka upande wa Ethiopia, bora kuliko waliowatawala. Hatua ni zilezile: chukua simulizi ya uhamaji, igeuze kuwa mbari, kisha pangia mbari hiyo cheo. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuamua nani auawe. Msomaji wa Kigali au Bujumbura hahitaji kuelezwa zaidi.

Tunajuaje kwamba lugha za Uhindi, Uajemi na Ulaya ni za ukoo mmoja?

Tarehe 2 Februari 1786 William Jones, jaji wa Kiingereza mjini Calcutta, aliwaambia wenzake wa Asiatic Society kwamba Kisanskriti kinafanana mno na Kigiriki na Kilatini kwa mizizi ya vitenzi na kwa sarufi, kiasi kwamba lazima zote zilitoka kwenye chemchemi moja ambayo huenda haipo tena. Wengine walishayaona mafanano hayo kabla yake, lakini hotuba yake ndiyo iliyowasha utafiti.

Njia yenyewe mtu anaweza kuijaribu dukani. Msikilize Mgujarati wa Dar es Salaam au Mombasa akihesabu: *ek, be, tran, char, panch, chha, saat*. Sasa msikilize Mwajemi wa Tehran: *yek, do, se, chahar, panj, shesh, haft*. Tano ni *panch* na *panj*. Saba ni *saat* na *haft*, na hapo kuna kanuni: s ya upande wa Uhindi mara nyingi hujibiwa na h ya upande wa Uajemi. *Soma* na *haoma*, *sapta* na *hapta*, *asura* na *ahura*, *Sindhu* na *Hindu*. Kanuni ya sauti inayojirudia namna hiyo haiwezi kuwa bahati nasibu.

Ni njia ileile iliyotumika kuonyesha kwamba lugha za Kibantu ni ndugu: tatu ya Kiswahili, *ithatu* ya Kikikuyu, *gatatu* ya Kinyarwanda. Na Kiswahili chenyewe kinatufundisha tahadhari, maana sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu. Neno moja linaweza kuazimwa. Ndiyo maana mwanaisimu hukagua mamia ya maneno, na zaidi ya hayo sarufi, kabla ya kutamka kwamba hawa ni ndugu.

Walitoka wapi?

Ushahidi mwingi leo unaelekeza kwenye nyika za nyasi zilizoko kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, Ukraine na Urusi ya leo. Huko kati ya takriban 3300 na 2600 KK waliishi wafugaji ambao wanaakiolojia wanawaita Yamnaya. Waliishi kwenye magari ya kukokotwa na maksai na kuzika wafu wao chini ya vilima vya udongo. Lugha mame, yaani lugha mzazi, ya ukoo wote ilikuwa na maneno ya gurudumu na ekseli, kwa hiyo haikuanza kugawanyika kote kabla gurudumu halijabuniwa, yapata 3500 KK.

Safari haikunyooka kuelekea kusini. Wazao wa wafugaji hao kwanza walienda Ulaya, wakachanganyika na wakulima wa huko, kisha sehemu yao wakarudi mashariki kupitia misitu ya Urusi hadi kusini mwa Milima ya Ural. Hapo, takriban 2100 hadi 1800 KK, tunakuta utamaduni wa Sintashta, na wataalamu wengi wanaamini kwamba ndipo lugha mame ya Waarya ilipokuwa ikisemwa, au palikuwa jirani sana.

Sintashta inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni makazi yapatayo 20 yaliyozungushiwa kuta na mahandaki, nyumba zimeegemeana ubavu kwa ubavu, na ndani ya nyumba moja baada ya nyingine kuna dalili za kuyeyusha shaba. Jirani na makazi kuna makaburi. Waliochimba kaburi walitoboa sakafuni mifuo miwili ili magurudumu ya gari yazame na gari likae sawa kando ya marehemu. Mbao zimeoza zamani, lakini udongo ulihifadhi alama: duara la gurudumu na mistari ya spoki ikitoka katikati. Juu yake yamelazwa mafuvu na miguu ya farasi, pamoja na vipande vya mfupa vilivyokuwa sehemu ya hatamu. Haya ndiyo magari ya spoki ya kale zaidi yanayojulikana duniani, ya takriban 2000 KK. Na mtu aliyeisoma Rigveda, yenye tenzi chungu nzima kuhusu magari ya mbio na kafara ya farasi, akifika kaburini hapo anaona vitu alivyokwisha kuvisikia.

Kwa nini walihama?

Usitafute sababu moja. Mfugaji wa nyikani huhama kwa kawaida yake. Malisho yakipungua, anasogea. Farasi waliofugwa vizuri, ambao uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2021 unaonyesha walitokea eneo la chini la mito Volga na Don na kuenea kwa kasi baada ya takriban 2200 KK, waliwapa watu hawa mwendo ambao hakuna aliyekuwa nao kabla. Kulikuwa na shaba na bati za Asia ya Kati, na miji ya kusini iliyozihitaji. Ongeza koo kukua, vijana kutaka mifugo yao wenyewe, na ugomvi wa malisho. Kizazi kimoja kinasogea bonde moja, kingine linalofuata, na baada ya miaka 500 wajukuu wako wako upande wa pili wa milima.

Walipita wapi?

Kutoka Ural walienea katika nyika za Kazakhstan, kwenye tamaduni zinazoitwa kwa pamoja Andronovo. Walipofika kusini, Turkmenistan, Uzbekistan na kaskazini mwa Afghanistan, walikuta watu wa mjini: ustaarabu wa Bactria na Margiana, wenye ngome za matofali, mifereji ya maji na wafua dhahabu hodari. Mji wao mkubwa uliofukuliwa, Gonur Depe, uko jangwani Turkmenistan. Viktor Sarianidi aliuchimba kwa miaka mingi. Wahamiaji walikaa nao kama majirani, wakabadilishana bidhaa, na inaelekea wakaazima maneno ya vitu wasivyokuwa navyo, kama tofali na ngamia.

Kutoka hapo njia zikagawanyika. Waliozaa lugha za Uhindi walivuka milima ya Hindu Kush hadi bonde la Swat na Punjab. Waliozaa lugha za Uajemi walielekea nyanda za juu za Iran, na wengine wakabaki nyikani na kujulikana baadaye kama Wasaka na Waskithi. Kundi dogo likaonekana mahali pasipotarajiwa kabisa.

Hao wa Mitanni waliokuwa Syria wanaingiaje?

Mitanni ulikuwa ufalme wa kaskazini mwa Syria na Mesopotamia, na wananchi wake walisema Kihuri, lugha isiyo na udugu na Kisanskriti. Lakini wafalme wao walijipa majina ya Kihindi-Kiarya. Katika karne ya 14 KK mfalme wao Shattiwaza alifanya mkataba na Suppiluliuma, mfalme wa Wahiti, na miongoni mwa miungu aliyoiapia ni Mitra, Varuna, Indra na Nasatya. Hao ni miungu wa Rigveda, wakiwa kwenye kibao cha udongo kilichofukuliwa Uturuki.

Katika hifadhi ileile ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, kuna mwongozo wa kufundisha farasi ulioandikwa kwa jina la Kikkuli wa Mitanni. Anapohesabu mizunguko ya mbio anasema *aika, tera, panza, satta, na*: moja, tatu, tano, saba, tisa. Kwa hiyo tuna tarehe isiyo na shaka. Karibu 1350 KK lugha hii ilikuwapo, na ilisafiri na maarifa ya farasi.

Je, Waarya ndio waliobomoa Mohenjo-daro na Harappa?

Hapana, ingawa vitabu vingi vya shule vilifundisha hivyo.

Ustaarabu wa bonde la Indus, wenye miji hiyo miwili, ulifikia kilele kati ya takriban 2600 na 1900 KK: miji yenye mitaa iliyonyooka, mifereji ya maji taka iliyofunikwa, matofali ya kipimo kimoja, mizani ya uzito sanifu. John Marshall aliutangaza kwa ulimwengu mwaka 1924. Miaka ya 1940 Mortimer Wheeler, mkuu wa idara ya akiolojia ya Uhindi wakati huo, alitazama mifupa ya watu karibu 40 iliyokutwa Mohenjo-daro ikiwa imetapakaa, akakumbuka kwamba Rigveda inamwita Indra mvunja ngome, na akatoa shtaka: Indra ndiye mtuhumiwa.

Shtaka hilo halikusimama. George Dales aliupitia ushahidi mwaka 1964 na kuonyesha kwamba mifupa haikuwa ya siku moja wala ya tabaka moja la udongo, na kwamba hapakuwa na silaha, wala ngome iliyoteketezwa, wala maiti za askari. Uchunguzi wa baadaye wa mifupa yenyewe ulikuta majeraha ya vita kwa nadra mno. Miji ilikuwa inakufa yenyewe. Kuanzia takriban 2200 KK mvua za masika ya Uhindi zilidhoofika, mito ikabadilika, biashara na Mesopotamia ikapungua, na watu wakahamia vijiji vidogo mashariki na kusini. Wafugaji wa kaskazini waliingia katika nchi ambayo miji yake ilikuwa imekwisha kuwa mahame.

Hilo halina maana kwamba hapakuwa na damu iliyomwagika. Rigveda imejaa vita, na mara nyingi ni vya kunyang'anyana ng'ombe. Lakini vita vya koo na koo ni jambo moja, na jeshi la wavamizi lililofuta ustaarabu ni jambo lingine ambalo ardhi haijalionyesha.

DNA ya mifupa ya kale inasema nini?

Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili zilizobadilisha mjadala. Ya kwanza ilichunguza vinasaba vya watu wa kale 523 kutoka Asia ya Kati na kaskazini mwa Asia ya Kusini. Iligundua kwamba asili ya nyikani, ile ya watu wa aina ya Sintashta, inaonekana Asia ya Kati baada ya 2100 KK na kuingia Asia ya Kusini kati ya takriban 2000 na 1500 KK. Watu wa kale wa bonde la Swat, Pakistan, waliozikwa kuanzia karibu 1200 KK wanayo.

Ya pili ilihusu mwanamke mmoja wa Rakhigarhi, mji wa ustaarabu wa Indus ulioko Haryana, Uhindi. Joto la huko huharibu DNA. Kati ya sampuli 61 zilizojaribiwa, ni yake tu iliyotoa matokeo ya kutosha. Hakuwa na asili ya nyikani hata kidogo. Aliishi karne kadhaa kabla ya wahamiaji, na watu wa aina yake ndio chanzo kikubwa zaidi cha asili ya wakazi wa Asia ya Kusini leo.

Hilo la mwisho ndilo ningependa msomaji alishike. Kwa Wahindi wa leo asili ya nyikani huanzia karibu sifuri na kufikia takriban asilimia 30 katika baadhi ya makundi ya kaskazini. Huwa kubwa zaidi kwa koo za kikuhani zilizohifadhi Veda, yaani maandiko matakatifu kama Rigveda. Sehemu kubwa ya damu ya Uhindi ni ya waliokuwapo. Wahamiaji walileta lugha na ibada, wakaoa na kuolewa. Tena si kila mahali kwa namna moja: katika Uhindi ya leo alama ya nyikani ni kubwa zaidi upande wa ukoo wa baba, ilhali kwa watu wale wa kale wa Swat iliingia zaidi kupitia wanawake.

DNA haisemi lugha. Mfupa hauwezi kukuambia marehemu alimwitaje mama yake. Nguvu ya hoja inatokana na kwamba lugha, farasi na vinasaba vinaelekeza upande mmoja, katika karne zilezile.

Wapo wanaosema Waarya hawakutoka nje ya Uhindi. Wana hoja gani?

Wana hoja za kusikilizwa. Wanasema hakuna tabaka la udongo nchini Uhindi linaloonyesha wageni wakiingia kwa ghafla, na ni kweli. Wanasema Rigveda haina kumbukumbu ya wazi ya nchi ya nje, nayo ni kweli. Wanasema mto Sarasvati unaosifiwa kuwa mkubwa kuliko yote ni Ghaggar-Hakra, ambao ulikauka zamani, kwa hiyo tenzi lazima ziwe za kale zaidi. Tena mwaka 2018 huko Sinauli, Uttar Pradesh, yalifukuliwa magari ya kuzikiwa ya takriban 1900 KK.

Majibu yangu ni haya. Wafugaji wa mahema huacha alama hafifu ardhini, Uhindi na kwingineko. Uchunguzi wa mashapo unaonyesha kwamba Sutlej, mto mkubwa uliotiririka katika njia ya Ghaggar, uliihama maelfu ya miaka kabla ya miji ya Indus, na jina lenyewe Sarasvati lina pacha wake Afghanistan, *Harahvaiti* ya Waajemi. Magari ya Sinauli yana magurudumu ya mbao nzima yasiyo na spoki, na hapakukutwa farasi. Na juu ya yote, kama lugha hizi zilianzia Uhindi, inabidi tueleze kwa nini asili ya Kihindi haionekani kwenye mifupa ya Ulaya ya wakati huo, wakati asili ya nyikani inaonekana pande zote mbili.

Naelewa uchungu ulio nyuma ya swali. Waingereza walipenda sana hadithi ya wavamizi wa kale, kwa kuwa iliwafanya waonekane wavamizi wa kawaida tu waliofuata foleni. Kuikataa hadithi ile ni haki. Lakini kuikataa hakulazimu kukataa kwamba watu walihama.

Walipofika walikaa wapi, na waliishi vipi?

Ramani iko ndani ya tenzi zenyewe. Rigveda inataja Kubha na Suvastu, yaani mito Kabul na Swat. Sindhu, yaani Indus. Vitasta, Asikni, Parushni, Vipash na Shutudri, ambayo leo ni Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Nchi yao waliiita Mito Saba. Ganga inatajwa mara chache mno, maana ilikuwa bado ukingoni mwa dunia yao.

Tenzi ziko 1,028, katika vitabu 10, na zilitungwa kati ya takriban 1500 na 1000 KK. Ndani yake hakuna mji, hakuna tofali, hakuna chuma. Kuna ng'ombe kila mahali: mali ni ng'ombe, mahari ni ng'ombe, neno moja la vita maana yake ni kutafuta ng'ombe, na mapambazuko husifiwa kama ng'ombe wekundu wakitoka zizini. Walilima shayiri kidogo. *Grama*, ambalo baadaye lilikuja kuwa kijiji, mwanzoni lilikuwa msafara wa magari na mifugo. Mmasai au Mhima angewaelewa upesi kuliko mtu wa Harappa.

Utenzi wa 33 wa kitabu cha tatu unamwonyesha kuhani Vishvamitra akiwa ukingoni, mahali Vipash na Shutudri zinapokutana, nyuma yake ukoo wa Bharata na magari yao. Mito imefurika. Anaiomba kama mtu anavyowaomba dada zake: nimetoka mbali na magari, inameni kidogo, maji yenu yabaki chini ya ekseli. Mito inajibu kwanza kwamba Indra ndiye aliyeichimbia njia na haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu. Anaisifu tena. Mwishowe inakubali, na Bharata wanavuka. Hakuna picha nyingine iliyo bora kuliko hiyo ya jinsi uhamaji ulivyokuwa: mto mmoja, jioni moja, na swali la kama maji yatafika kwenye ekseli.

Bharata haohao, chini ya chifu Sudas, walipigana na muungano wa machifu kumi kando ya Parushni na kushinda. Kati ya waliounganishwa dhidi yake walikuwamo Waarya kama yeye, Puru, Anu na Druhyu. Kutokana na jina la ukoo wake, Uhindi hadi leo katika katiba yake inaitwa pia Bharat.

Kama hawakuandika, maneno yao yalitufikiaje?

Kwa kukariri. Mwanafunzi hukariri mstari kwa mfululizo, kisha neno mojamoja, kisha kwa kurudi nyuma na mbele: la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza la pili la tatu, la tatu la pili la kwanza, na kuendelea hadi mwisho. Kosa la silabi moja hugundulika papo hapo. Aliyekulia madrasa na kuona hafidhi akisahihishwa irabu moja anaelewa nguvu ya mafunzo ya aina hiyo. Hati za mkono za Rigveda zilizoko Pune, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2007, ya zamani zaidi ni ya 1464, na matamshi yanayofundishwa kwa mdomo ni ya kale kuliko hati zenyewe kwa zaidi ya miaka 2,000.

Walikuta nani, na matabaka ya Uhindi yalianzia hapo?

Walikuta wazao wa watu wa Indus na jamii nyingine nyingi. Tenzi zinawaita wapinzani Dasa na Dasyu na kuwalaumu hasa kwa dini: hawatoi kafara, wanasema visivyoeleweka. Lugha ya Kisanskriti yenyewe imebeba alama za ujirani huo, zikiwamo konsonanti zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi kukunjwa nyuma, ambazo ni za kawaida katika lugha za Kidravidi za kusini. Kibrahui, lugha ya Kidravidi, kingali kinasemwa Balochistan.

Kuhusu matabaka, utenzi mmoja tu wa kitabu cha kumi, cha mwisho, unayataja yote manne pamoja. Vinasaba vinaonyesha makundi ya Uhindi yaliendelea kuchanganyika kwa muda mrefu, na kuoana ndani ya tabaka kukawa kukali baadaye sana, karibu miaka 2,000 iliyopita. Wafugaji wa Mito Saba hawakuja na mfumo ule wakiwa wameukamilisha.

Lini wakawa wakulima wa bonde la Ganga?

Baada ya takriban 1000 KK. Chuma kinaonekana, mpunga unachukua nafasi ya shayiri, na vyombo vya udongo vya kijivu vilivyochorwa vinaenea kati ya takriban 1200 na 600 KK, pamoja na Hastinapur ambako B. B. Lal alichimba mwaka 1950 hadi 1952. Ufalme wa Kuru ukazuka karibu na Delhi ya leo, na ndio uliozipanga tenzi katika mikusanyiko.

Kitabu cha makuhani kiitwacho Shatapatha Brahmana kina kisa cha mwendo huo. Mfalme Videgha Mathava alikuwa amembeba Agni, mungu wa moto, kinywani mwake, na hakutaka kufumbua mdomo. Kuhani wake alimwita kwa tenzi, kimya. Alipotaja samli tu, moto ukalipuka na kudondoka. Ukateketeza nchi kutoka Sarasvati kuelekea mashariki, ukasimama kwenye mto Sadanira, ambao wengi wanauona kuwa ndio Gandak wa leo. Ng'ambo yake, kinasema kitabu, makuhani wa zamani hawakuvuka kwa kuwa Agni hakuionja ardhi hiyo, ilikuwa tepetepe. Lakini sasa wako wengi huko. Ni kufyeka msitu kwa moto na kufungua mashamba, kumesimuliwa kama safari ya mungu.

Na waliokwenda Uajemi?

Hao tunawaona baadaye kidogo. Rekodi za Ashuru za karne ya 9 KK zinawataja Wamedi na nchi iitwayo Parsua katika milima ya Zagros. Avesta nayo ina orodha ya nchi 16 alizoumba Ahura Mazda, mungu mkuu wa Zarathustra. Ya kwanza ni makao ya asili ya Waarya, nchi ambayo miezi 10 ni ya baridi kali, na zinazofuata ni pamoja na Merv, Balkh, Herat na ile ileile Mito Saba. Mafundisho ya Zarathustra yalipindua imani za ndugu zao wa Uhindi: *deva*, ambao kwa Wahindi ni miungu, kwa Waajemi wakawa *daeva*, mashetani.

Mwaka 550 KK Koreshi aliwashinda Wamedi na kuanzisha dola. Miaka 30 hivi baadaye Dario aliwachongea wapita njia habari za ushindi wake kwenye jabali la Behistun, kwa Kielami, Kibabeli na Kiajemi cha kale, na karibu na mwisho wa maandishi hayo akatamka kwamba ameyatoa pia kwa Kiarya, yaani hicho Kiajemi cha kale.